Mgongo wa Dada na Uji wa Nasari

Kwa vizazi vingi, mtoto mchanga kwenye miteremko ya Mlima Elgon alikuwa wa mama yake usiku na wa dada yake mchana. Dada huyo alikuwa na miaka sita, saba au minane. Wakalenjin, ambao Wasabaot ni tawi lao, humwita cheplakwet, yaani msichana mlezi. Kwa Wabukusu wa tambarare za Bungoma kazi ilikuwa ile ile. Mama alimnyonyesha mtoto asubuhi, akamfunga mgongoni mwa binti, akachukua jembe na kwenda kwenye shamba la wimbi. Binti alicheza na wenzake huku mtoto akining'inia mgongoni, akimbembeleza alipolia, na aliposhindwa alimpeleka shambani akanyonye. Familia isiyokuwa na binti wa umri huo iliazima mmoja kwa shangazi au kwa mjomba, naye alikaa huko hadi mtoto alipoweza kutembea. Mengi yaliyotokea baadaye katika historia ya malezi kati ya Suam, Kitale na Bungoma yanaeleweka vizuri ukimfuata msichana huyu na kuona ni nini kilichomwondoa nyumbani, na nani aliyewekwa mahali pake.

Suam ni mji mdogo wa mpakani, kaskazini-mashariki mwa Mlima Elgon. Mto unaoupa jina lake hutoka mlimani, hutenganisha Kenya na Uganda kwa sehemu, kisha hugeuka kuwa Turkwel na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Upande wa Uganda wanaishi Wasabiny, na upande wa Kenya ndugu zao Wasabaot: Wakony, Wabok na Wabong'omek. Mpaka ulichorwa katikati ya watu wanaooana, na bibi wa Bukwo, upande wa Uganda, bado anaweza kuwa na wajukuu Endebess, upande wa Kenya. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipofika huku mwaka 1883 aliwakuta Wakony wakiishi ndani ya mapango makubwa ya mlima pamoja na ng'ombe wao. Pango lilikuwa ngome dhidi ya maadui, na pia lilikuwa nyumba ya malezi: watoto, mbuzi na ndama wote waliangaliwa mahali pamoja, na mlango ulilindwa.

Zaidi ya dada, alikuwepo nyanya. Wabukusu humwita kukhu, na Wakalenjin kogo. Ndiye aliyesimamia uzazi, ndiye aliyejua dawa za tumbo la mtoto, na ndiye aliyemfundisha mke mdogo kazi ya kulea bila kumwita mwanafunzi. Kutoa jina kulikuwa shughuli ya wanawake wazee. Kwa Wakalenjin walikusanyika wakayataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, hadi mtoto alipopiga chafya, na ugoro ulisaidia pale chafya ilipochelewa. Kwa Waluhya, ambao Wabukusu ni tawi lao, mtoto aliyelia bila kukoma alidhaniwa anadai jina la marehemu fulani, na majina yalitajwa mpaka alipotulia. Ukiacha imani iliyomo, unabaki na jambo la vitendo: mama aliyejifungua juzi amezungukwa na wanawake watano au sita wenye uzoefu, wote wakimtazama mtoto mmoja anayelia na kujiuliza ana nini. Hakuna kliniki ya vijijini iliyowahi kuwa na wahudumu wengi kiasi hicho kwa mgonjwa mmoja.

Mpango huu uliwahi kueleweka vibaya. Mwanaanthropolojia Mmarekani Walter Goldschmidt aliishi kwa Wasabiny mwaka 1953 na 1954, akarudi mwaka 1961 na 1962. Katika makala aliyoitoa mwaka 1975 alichunguza picha alizowapiga akina mama na watoto wao, akaona kwamba mama anamshika mtoto lakini macho yake yako kwingine, na mikono haina shughuli naye. Alihitimisha kwamba watoto wa Wasabiny hukua na upungufu wa hisia. Picha zenyewe hazina ubishi. Ubishi uko kwenye hitimisho. Mahali ambapo mtoto ana mama, dada, nyanya na shangazi watatu, macho ya mama peke yake si kipimo cha mapenzi anayopata. Aliyestahili kupigwa picha kwa muda mrefu zaidi ni yule msichana wa miaka saba.

Mpango huo ulitikiswa kwanza na suala la ardhi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa mashamba ya Trans Nzoia, eneo linaloizunguka Kitale, kwa walowezi, wengi wao askari waliotoka vitani, chini ya mpango wa mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi ya Trans Nzoia yakapata njia ya kwenda sokoni. Wakony waliosukumwa kutoka kwenye malisho yao ya tambarare walibaki na sehemu za juu za mlima. Wengine wao, pamoja na Wabukusu, Wateso, Waturkana na watu wa mbali zaidi, waliingia mashambani kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kwa malipo hayo akapata mahali pa kujenga, kulima na kulisha mifugo.

Kwa malezi, hesabu hiyo ilikuwa na maana yake. Palizi ya Trans Nzoia haisubiri: mvua huanza Machi au Aprili, na kufikia Mei mahindi na magugu yako kimo kimoja. Mwanaume alikuwa kwenye hesabu ya siku 180, mkewe akabaki na shamba la nyumbani na mara nyingi akaitwa palizi kwa kibarua, na watoto wakubwa nao walitumwa kufukuza ndege, kuchunga au kuchuma kahawa. Nyanya alikuwa amebaki Kimilili au Malakisi, huko Bungoma, safari ya siku moja au mbili. Familia ya skwota ilikuwa changa, ilikuwa peke yake, na mtoto mchanga alibaki na dada ambaye mwenyewe alikuwa akivuliwa kazi ya ulezi na kupewa kibarua.

Wakati huo huo, kwenye veranda ya mlowezi, palikuwa na yaya. Neno lenyewe lilifika Afrika Mashariki kutoka India, ambako Wareno walikuwa wameacha aia yao, mlezi wa kike. Yaya wa Kitale aliosha, alilisha na kumbembeleza mtoto wa bwana kwa mshahara, naye alikuwa na mtoto wake kambini, mgongoni mwa binti. Huduma ya kwanza ya malezi ya kulipiwa katika eneo hili ilitolewa na wanawake Waafrika kwa watoto wa Wazungu. Nasari za kwanza nchini, katika miaka ya 1940, zilifuata mstari huo huo: zilianzia kwa watoto wa Kizungu na wa Kihindi, na zilipowafikia watoto wa Kiafrika ilikuwa kwenye mitaa ya wafanyakazi mijini na kwenye mashamba makubwa ya chai, kahawa na miwa. Waliofaidika moja kwa moja ni waajiri: mama asiye na mtoto mgongoni huchuma zaidi.

Wamisheni walikuja na sababu nyingine. Wakwekeri walianzia Kaimosi mwaka 1902 na baadaye wakafungua kituo Lugulu, katika nchi ya Wabukusu; Wakatoliki wa Mill Hill nao walikuwa na vituo vyao. Walifundisha wanawake kushona, kufua, kumwogesha mtoto kwa sabuni na kuchemsha maji. Serikali ilijiunga kupitia idara ya maendeleo ya jamii, na mwaka 1952 vikundi vya wanawake vikaunganishwa chini ya Maendeleo ya Wanawake. Mwaka 1952 ndio pia mwaka wa kutangazwa kwa hali ya hatari, na serikali haikuficha kwamba ilitaka wanawake washughulike na mapishi kuliko siasa. Hata hivyo vikundi vilidumu, kwa sababu wanawake walivitumia kwa mambo yao. Mkutano wa kushona vitambaa uligeuka kuwa mahali pa kuulizana kwa nini mtoto wa fulani hanenepi.

Uhuru ulibadilisha umiliki wa ardhi ya Trans Nzoia. Mashamba mengine yaligawanywa kwa mipango ya makazi, mengine yakanunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, na mengine yakabaki mazima chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965 na ambalo hadi leo lina shamba la Suam. Maelfu ya familia zilipanda kutoka Bungoma, Kakamega na kwingineko. Kila aliyepata ekari zake alikuwa amemwacha mama mkwe nyuma. Pengo lililowahi kumpata skwota sasa liliwapata wenye mashamba, na hapo ndipo nasari ya kijiji ilipozaliwa kwa wingi, katika moto wa Harambee baada ya mwaka 1963.

Nasari ya Harambee ilikuwa rahisi kuanzisha. Wazazi walikubaliana mahali, ambapo mara nyingi palikuwa kanisa ambalo siku za wiki halikuwa na kazi, au kivuli cha mti. Walimchagua msichana aliyefika darasa la saba na mwenye subira. Mshahara wake ulikuwa michango ya wazazi: shilingi chache kwa mwezi, na wakati wa mavuno debe la mahindi kutoka kwa asiye na shilingi. Mwezi wa sita, ghala likiwa tupu na mavuno yakiwa mbali, mwalimu huyo alifundisha bure. Vifaa vya kufundishia vilitoka jalalani na shambani: vizibo vya soda vya kuhesabia, magunzi ya mahindi yaliyovishwa vitambaa yakawa wanasesere, udongo wa kidimbwi ukafinyangwa ng'ombe.

Kitovu cha nasari kilikuwa sufuria. Kila mtoto aliondoka nyumbani na kikombe au kopo la Kimbo lililotobolewa na kutiwa kishikio cha waya, na katika nasari nyingi alibeba pia kijiti cha kuni. Unga ulitoka kwa wazazi kwa zamu. Mama mmoja alikoroga uji wa mahindi, ukiwa na wimbi kidogo pale ulipopatikana, na saa nne watoto walipanga mstari. Uji ulipokatika, watoto walipungua. Wazazi wengi waliokuwa hawaoni faida ya kumfundisha mtoto wa miaka minne herufi waliona faida ya bakuli lile. Wakaguzi wa elimu walipoandika kwamba nasari fulani inafanya kazi vizuri, mara nyingi walichokiona ni jiko linalotoa moshi.

Tangazo la Rais Jomo Kenyatta la Desemba 1973 ndilo lililomwondoa dada. Kuanzia Januari 1974 karo ilifutwa kwa madarasa manne ya kwanza ya msingi, na nchini kote idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7. Miongoni mwao walikuwa wale wasichana wa miaka saba na minane. Lilikuwa jambo jema kwao na halina wa kulijutia, lakini mgongo uliokuwa ukibeba mtoto sasa ulibeba mkoba. Baadhi yao walikuja shuleni na wadogo zao, na walimu wa darasa la kwanza wakajikuta na watoto wa miaka mitatu wamelala kwenye madawati ya nyuma. Nasari nyingi zilijengwa baada ya hapo karibu na uzio wa shule ya msingi, ili dada amwache mdogo wake mlangoni asubuhi na kumchukua mchana.

Serikali kuu ilikuwa imeanza kujifunza. Kuanzia mwaka 1972, Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, kwa msaada wa Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, iliendesha mradi wa elimu ya awali uliodumu miaka kumi. Mwaka 1980 jukumu la nasari lilihamishwa kutoka wizara ya utamaduni na huduma za jamii kwenda wizara ya elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wachanga, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya, vilivyojulikana na kila mwalimu wa nasari kama DICECE. Mtindo wa DICECE ulikuwa wa busara kwa watu wasio na fedha: mwalimu aliendelea na kazi wakati wa muhula, na wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba alikwenda kambini kusoma, kwa muda wa miaka miwili, mpaka akapata cheti. Mwalimu wa kanisani akawa na taaluma. Mshahara, hata hivyo, uliendelea kutoka kwa wazazi, na cheti hakikuubadilisha.

Mradi wa KIE ulifanya jambo jingine linalosahaulika. Wakufunzi waliwaita wazee na wazazi kwenye warsha, wakakusanya hadithi, nyimbo, vitendawili na michezo kwa lugha za wenyeji, vikawa vitabu vya mwalimu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imeelekeza kwamba mtoto aanze shule kwa lugha ya eneo lake. Kwenye vijiji vya Wabukusu tupu au Wasabaot tupu hilo liliwezekana. Suam na Endebess, ambako mtoto mmoja kwenye mkeka anaongea Kibukusu, wa pili Kisabaot, wa tatu Kiturkana na wa nne Kikikuyu, Kiswahili kilishinda bila kupigiwa kura.

Upande wa afya ulikwenda na njia yake. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1980, na kliniki ya watoto ikawa safari ya kila mwezi. Mzani ulining'inizwa kwenye tawi au kwenye boriti, mtoto akavalishwa kaptula ya kitambaa yenye mikanda, akaning'inizwa akipiga mateke, na muuguzi akaweka nukta kwenye kadi. Nukta ikipanda, mama alisifiwa mbele ya wenzake. Ikishuka, aliulizwa anampikia mtoto nini. Kina mama wengine waliacha kwenda kwa sababu ya swali hilo, si kwa sababu ya umbali. Kadi haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba palizi ilikuwa imeanza na mtoto alishinda kwa jirani.

Kisha yakaja mapigano. Ghasia za mwaka 1991 na 1992 zilichoma nyumba kuanzia Endebess hadi Mlima Elgon, na familia zikakimbilia makanisani, sokoni na mijini. Kuanzia mwaka 2006, mzozo wa ardhi ya makazi ya Chebyuk ulizaa kundi la wapiganaji lililojiita SLDF, na Machi 2008 jeshi liliingia mlimani kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume waliuawa, walikamatwa au walitoweka. Katikati ya misiba hiyo miwili ulipita UKIMWI. Nyanya, ambaye nasari ilikuwa imechukua nafasi yake, alirudishwa kazini, safari hii akiwa peke yake na wajukuu wanne au watano. Mwaka 2018 serikali ilianza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Katika vitabu vya serikali hiyo ni pesa ya uzeeni. Katika nyumba nyingi imekuwa pesa ya maziwa na madaftari.

Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 ilirudia hadithi ya 1974 kwa kiwango kikubwa zaidi, kutoka wanafunzi milioni 5.9 hadi milioni 7.2, na safari hii iliiumiza nasari yenyewe. Darasa la kwanza lilikuwa bure ilhali nasari ililipiwa. Wazazi wengi walifanya hesabu wakamweka mtoto nyumbani hadi afike umri wa darasa la kwanza, na nasari zikapoteza watoto na walimu wao wakapoteza ujira.

Nafuu ilitoka kwenye Katiba ya 2010. Jedwali lake la Nne lilikabidhi kaunti elimu ya awali na, kwa maneno yasiyotiliwa maanani sana, vituo vya kulelea watoto. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi nasari za makanisani. Zilianza kujenga madarasa ya mawe na kuajiri walimu, wengi kwa kandarasi, katikati ya ubishi wa kitaifa kuhusu nani hasa ndiye mwajiri wa mwalimu wa nasari. Sheria ya Elimu ya Awali ilifuata mwaka 2021. Majina ya zamani, bebi, nasari na priyuniti, yalipisha PP1 na PP2 za mtaala wa umilisi. Darasa jipya linapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Jiko la uji halikuwemo kwenye ramani za mengi kati ya madarasa hayo, na katika vijiji kadhaa wazazi wamelijenga nyuma ya ukuta kwa mabati yao wenyewe.

Huduma iliyofanana zaidi na baraza la wale wanawake wa kutoa majina haikutoka kwa idara ya elimu. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulibuni vikundi vilivyoitwa Chamas for Change. Wajawazito wa eneo moja hukutana mara mbili kwa mwezi chini ya mhudumu wa afya wa jamii, huzungumza kuhusu kujifungua, kunyonyesha, uzazi wa mpango, ugomvi wa nyumbani na malezi, kisha huweka akiba na kukopeshana. Mpango huo ulijaribiwa kisayansi Trans Nzoia kuanzia mwishoni mwa 2017, katika maeneo 74 ya afya ya jamii, kwa wanawake 1,920. Waliokuwa kwenye chama walijifungulia hospitalini zaidi kuliko wenzao. Watafiti waliandika sana kuhusu masomo. Yeyote anayeijua Kenya ya vijijini atashuku kwamba akiba ndiyo iliyowafanya warudi kila baada ya wiki mbili, kama ambavyo uji uliwarudisha watoto nasari.

Jaribio jingine, kubwa zaidi, lilipita Bungoma, Kakamega na Vihiga kati ya 2012 na 2016. Zaidi ya wajawazito 8,000 walisajiliwa ili kuona kama maji safi, vyoo, kunawa mikono na lishe ya nyongeza vingekuza watoto vizuri. Maji na vyoo peke yake havikuongeza kimo cha watoto. Lishe iliongeza kidogo.

Tangu mwaka 2023 wahudumu wa kijiji wanaitwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wana mikoba, simu na posho. Mtoto wa miaka minne na mitano ana darasa la kaunti. Mtoto wa chini ya miaka mitatu bado hana mahali palipotengwa kwa ajili yake, ijapokuwa Katiba ilimtaja. Siku ya soko Suam, wanawake kutoka pande zote mbili za mto huja na mahindi, viazi na kabichi. Watoto wao wachanga hulazwa juu ya magunia chini ya meza, na kama ni Jumamosi au likizo, kuna msichana wa miaka minane amekaa kando, leso begani, akingoja kuitwa.